Bugaluu Kando ya Songwe

Neno bugaluu limewatoka wengi, na wachache wanaolikumbuka hulikumbuka kama suruali: imebana mapajani, kisha imepanuka kuanzia gotini hadi kufunika kiatu. Lakini asili ya neno hilo si nguo. Bugaluu ilikuwa mtindo wa kucheza, uliozuka Marekani katikati ya miaka ya 1960 miongoni mwa vijana weusi na wenzao wa asili ya Amerika ya Kilatini, wakati muziki wa soul ulipokuwa ukipanda chati. Jina likasafiri na santuri, likavuka bahari, na lilipotua Tanzania likawaangukia mafundi cherehani. Marufuku nyingi za enzi ile zimebaki katika majalada. Ngoma yenyewe ikabaki katika jina la suruali.

Miongoni mwa walioishona yumo fundi mmoja wa Kyela, ambaye sasa ana zaidi ya miaka 70. Kyela ni bonde la mpunga na kakao. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushukia huko kuingia Ziwa Nyasa, upande wa mashariki imesimama Milima ya Livingstone, na upande wa kusini Mto Songwe unaitenga Tanzania na Malawi. Msomaji wa pwani aweza kudhani kwamba mitindo ya mijini ilichelewa kufika pembe hiyo. La hasha. Tangu miaka ya 1930 wanaume wa Unyakyusa walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na wengine wakafika kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na kwenye dhahabu ya Johannesburg. Waliporudi, sanduku lilifunguliwa mbele ya watu, na kilichotangulia kutoka kilikuwa nguo.

Godfrey Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mkewe Monica katikati ya miaka ya 1930, baadaye alichunguza maisha ya wafanyakazi wa Broken Hill, mji unaoitwa Kabwe leo. Aliona kwamba sehemu kubwa ya mshahara wao iliishia kwenye mavazi. Wako waliouita upuuzi. Lakini mtu asiyeruhusiwa kumiliki kiwanja, anayelala katika nyumba ya mwajiri na asiye na kura, alikuwa amebakiwa na nini cha kukipamba ila mwili wake?

Na kabla ya sanduku la mchimbaji, lilitangulia beni. Watu wa Lamu na Mombasa hawahitaji kuelezwa beni ni nini: ngoma iliyozaliwa kwao katika miaka ya 1890, yenye gwaride, vyeo, sare na mashindano, Marini upande mmoja na Arinoti upande wa pili. Vita Kuu ya Kwanza iliibeba hadi bara. Askari na wapagazi walipigana na kutembea katika nchi hii ya ziwani. Karonga palipiganwa Septemba 1914, na mwaka 1916 Waingereza wakaingia Unyakyusa na kuwaondoa Wajerumani. Vita vilipokwisha, ngoma ilibaki. Kandokando ya ziwa ikageuka kuwa mganda na malipenga. Tarumbeta za shaba hazikuwepo, basi yakachongwa mabuyu yanayovuma kama tarumbeta. Wachezaji walipanga mistari, mashati meupe, kaptula zilizonyooshwa kwa pasi ya mkaa, soksi ndefu, na mkubwa wao akiwakagua mmoja mmoja kabla ya kuingia uwanjani. Kwa hiyo kijana aliyesimama mbele ya fundi katika miaka ya 1970 akitaka suruali yake ianguke sawasawa juu ya kiatu hakuwa mgeni katika nchi yake. Babu yake alikwisha kukaguliwa soksi.

Fundi huyo alianza kazi na cherehani ya miguu, kibarazani, mbele ya duka la mtu. Wateja wa bugaluu walikuja na kipimo midomoni: inchi 22 chini kwa mwenye haya, inchi 24 kwa aliyetaka asikike kabla hajaonekana. Jumapili alasiri palikuwa na dansi la vijana lililoitwa bugi. Vijana walichanga fedha za betri za gramafoni, wakakusanya santuri za Kikongo na chache za Kimarekani zilizokwisha kukwaruzika, wakacheza hadi jua kuzama nyuma ya mikaratusi. Wasichana waliondoka mapema, si kwa kutaka. Siku ya Jumatatu mafundi walipokea suruali zilizopasuka.

Wakati huo huo, nchi ilikuwa inashindana na nafsi yake kuhusu mavazi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969: vimini marufuku, mawigi marufuku, mikorogo marufuku, suruali za kubana marufuku. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, makundi ya wanaume huko Kariakoo, Dar es Salaam, yaliwashusha wanawake kutoka ndani ya mabasi na kuwachania nguo. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani akapiga marufuku muziki wa soul mjini humo. Hoja ilikuwa moja: haya si yetu. Lakini katika miaka hiyo hiyo, huko Arusha, serikali ilikuwa inawalazimisha Wamasai waache lubega na wavae suruali. Msichana wa mjini aliambiwa kwamba Mwafrika wa kweli hujifunika. Mmasai aliyekuwa Mwafrika bila kuuliza mtu aliambiwa kwamba mavazi yake ni aibu. Wako waliouona mgongano huo wakauandika magazetini wakati ule ule.

Soul haikufa. Mwaka 1976 kundi la Sunburst lilitoa santuri ya Ave Africa, na masikio hayahitaji kibali kuyasikia ndani yake yale yaliyokatazwa. Waliokatwa na marufuku hizo hawakuwa wapiga magitaa. Walikuwa wanawake, kwa kuwa mwanamume aliyekatazwa bugaluu alipoteza suruali, na mwanamke aliyekatazwa kimini alipoteza njia ya kupita sokoni bila kushikwa.

Hilo fundi alilijua kwa dada yake. Dada huyo alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitano, mwalimu, na alirudi kutoka masomoni na gauni la rangi ya machungwa lililokomea kidole kimoja juu ya goti. Alikuwa ameolewa. Kwa Wanyakyusa, mkamwana humkwepa baba mkwe wake: hamwangalii usoni, hamtaji jina, na akikutana naye njiani hutoka njiani na kujificha hadi mzee apite. Monica Wilson aliiandika desturi hiyo kwa kirefu, na wazee wa sasa bado waijua. Siku moja, kwenye tuta kati ya majaruba, dada huyo akiwa ndani ya gauni lake la machungwa, mkwewe alitokea mbele. Aliruka majini, akapiga magoti katika mpunga, akageuzia uso upande wa pili. Mzee naye akageuza wake, akapita, na jioni akamtuma mtoto apeleke ndizi kwa mkamwana. Hakuna aliyesema neno juu ya gauni. Heshima ilikuwa imetimia, tena na matope magotini.

Wiki chache baadaye, sokoni, vijana watatu ambao hakupata kuwaona walimsimamisha, wakamtukana, na mmoja akauvuta upindo wa gauni hadi ukachanika. Hawakuwa mashemeji zake, wala wakwe, wala majirani. Hawakujua yeye ni nani wa nani. Walichokijua ni umbali kati ya nguo na goti.

Tofauti yote imo hapo. Kwa mzee yule, adabu ilikuwa baina ya mtu na mtu: nani yuko mbele yako, umpishe vipi, umgeuzie nini. Kwa vijana wale, adabu ilikuwa baina ya kitambaa na goti, na kwa hiyo mgeni yeyote mwenye jicho aliweza kuwa hakimu. Desturi iliyodaiwa kulindwa haikupata kuhesabu inchi. Kuhesabu inchi kulikuwa ni kugeni kuliko kimini.

Ng'ambo ya Songwe mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1973 Malawi ya Rais Kamuzu Banda iliweka sheria iliyowakataza wanawake kuvaa hadharani suruali, kaptula na sketi zisizofunika magoti. Wanaume walikatazwa nywele ndefu, na suruali za miguu mipana zikawa mkosi mpakani. Mwaka huo huo, mjini Wigan, kaskazini mwa Uingereza, watoto wa wafanyakazi walianza kukesha katika ukumbi wa Wigan Casino, wakicheza santuri za Wamarekani weusi ambazo zilikwisha kusahauliwa kwao. Mtindo wao huitwa soul ya kaskazini. Walirithi unadhifu wa vijana wa miaka ya 1960 walioitwa mods, na suruali zao zilikuwa pana kama bugaluu ili mguu uzunguke bila kukwama. Pana ile ile: Wigan ilisaidia mchezo, Songwe ilirudisha mtu alikotoka.

Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga ni ndugu, na mto unaowagawa huhamisha mkondo wake mara kwa mara, kana kwamba wenyewe haukubaliani na ramani. Mama mdogo wa fundi na dada yake alifariki upande wa pili. Dada alikuwa na gauni moja tu lililofaa kwa safari, lile la machungwa, ambalo lilikwisha kutengenezwa. Fundi akakata kipande cha kitenge cheusi, akaongeza upindo wa shibiri moja kwa mishono mirefu, ile ya kufumuka upesi. Walivuka alfajiri. Hakuna aliyewauliza kitu.

Kwenye msiba wa nchi ile watu hulia, kisha hucheza. Ngoma za maziko hupigwa kwa nguvu, vijana hurukaruka wakitimua vumbi, na wanawake hupita katikati yao wakipiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Asiyecheza ndiye anayeshukiwa kwamba hakumpenda marehemu. Dada alicheza mpaka mishono ya kaka yake ikaanza kuachia upande mmoja. Wanawake wa Kingonde walimzingira, wakatoa pini, wakambana upindo huku ngoma inaendelea. Miongoni mwao alikuwamo mke wa mtumishi wa serikali ile ile.

Sheria ya Malawi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, utawala wa chama kimoja ulipofikia ukingoni. Hata hivyo, Januari 2012 wachuuzi wa Lilongwe waliwavamia wanawake waliovaa suruali, na Rais Bingu wa Mutharika akalazimika kutamka kwamba wanawake wana uhuru wa kuvaa watakavyo. Karatasi ilifutwa, jicho la kupimia likabaki. Nalo halikubaki Malawi peke yake: msichana wa Kyela, wa Unguja au wa Mombasa anayepita mbele ya kijiwe analijua bila kusimuliwa.

Gauni la machungwa liko sandukuni, kwa mwalimu mstaafu, kijijini kando ya Mto Mbaka. Kitenge cheusi kilifumuliwa usiku ule ule waliporudi, kikawa kitambaa cha kichwa. Rangi imefifia. Kuzunguka upindo wake kuna mstari wa matundu ya sindano, makubwa na yaliyoachana, kama ya fundi aliyekuwa na haraka, na wajukuu wakilivaa kwa mchezo hutia vidole vyao humo.