Diski, Chumvi na Amana za Watu

Malindi chumvi haikai baharini. Msimu wa kusi hupanda na upepo, ikavuka Barabara ya Lamu, ikaingia madukani na kutua juu ya kila kitu cha chuma. Bawaba hushika kutu, mabati hushika kutu, na ndani ya laptopu yale meno madogo ya diski, yanayopitisha umeme na habari, huota ukoko wa kijani. Sisi mafundi wa huku, tangu Mtwapa hadi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, huanza kazi hapo: tunachomoa diski, tunasugua meno yake kwa raba ya shule, tunapangusa kwa spiriti, tunairudisha. Mashine nyingi zilizohukumiwa kufa zimefufuka papo hapo mezani.

Tena wengi hawajui kwamba diski ya sahani, ile ya zamani inayozunguka, kwa kawaida haikuzibwa kabisa. Ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio, na diski nyingi zimeandikwa onyo kwamba tundu hilo lisifunikwe. Hewa ya ndani lazima ilingane na ya nje, maana kichwa kinachosoma huelea juu ya hewa hiyo, nanomita chache tu kutoka kwenye sahani. Kwa hiyo diski iliyoko Malindi hupumua hewa ya Malindi.

Ufundi nilijifunza kwa mzee aliyetengeneza redio katika kibanda karibu na soko la zamani. Hakuwahi kufungua kompyuta maishani mwake, lakini msingi wa kazi yangu yote niliupata kwake. Alikuwa akichora umbo la redio kwenye karatasi, na kila skurubu aliyoitoa aliichomeka kwenye karatasi hiyo mahali ilipotoka. Alinikataza kugusa chochote kabla sijamwuliza mwenye redio kilianza kuharibika lini, na siku hiyo kulikuwa na nini: mvua, radi, mtoto, au kuanguka. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "redio haisahau, mwenyewe ndiye husahau. Mkumbushe taratibu." Ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Karatasi ya skurubu bado naichora, na vijana wangu nao wanaichora.

Nilipotoka kwake niliajiriwa saiba. Miaka hiyo kutuma picha moja kwa barua pepe ilikuwa shughuli ya kukaa na kungoja. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, intaneti ikaanza kwenda mbio, na haikupita muda kila mtu akataka kompyuta yake nyumbani. Zilizokuja hazikuwa mpya. Zilikuwa mitumba ya maofisi ya Ulaya iliyopitia bandarini: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Mashine imara, zenye kibodi ya mtu anayeandika kweli kweli. Udhaifu wao ulikuwa mmoja. Diski zao zilikuwa zimeshamaliza nguvu ofisini huko ng'ambo, zikaja kuanza maisha ya pili kwenye joto letu na juu ya bodaboda.

Diski ya laptopu aghalabu huzunguka mara 5400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 11, na kabla ya kusoma lolote mkono wa diski lazima usogee hadi kwenye mstari wake, kisha ungoje sahani ilete mahali panapotakiwa. Ukiomba faili moja kubwa, hapana taabu. Lakini kuwasha Windows ni kuomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kwa kila kipande mkono hukimbia huku na huko. Wateja walikuwa wakinijia wakitaka niwaongezee RAM. Aliyeihitaji nilimwongezea. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, ubongo wa mashine ulikuwa mzima na wenye nguvu, umekaa bure ukingoja sahani izunguke.

Diski ya aina ya SSD haina kinachozunguka. Habari hukaa katika vyumba vidogo mno vya silikoni vinavyoshika chaji ya umeme, uvumbuzi wa Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba huko Japani miaka ya 1980. Pale diski ya sahani inapoleta vipande mia hivi kwa sekunde, SSD ya kawaida huleta makumi ya maelfu. Nilisoma habari zake muda mrefu kabla ya kuishika mkononi. Mwishoni mwa 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski, na bei ya diski za kawaida ikapanda dunia nzima. SSD zenyewe zikaendelea kushuka hadi kama dola moja kwa gigabaiti mwaka 2012. Kwa mwalimu wa shule ya msingi bado ilikuwa fedha nyingi. Ya kwanza niliyoifunga ilikuwa ya Mwitaliano mwenye nyumba ya wageni Watamu, aliyekuja nayo safarini kutoka kwao. Nilipobonyeza kitufe, mashine ilikuwa tayari kwa kazi kabla hajamaliza kuvuta kiti. Akaniomba niizime niiwashe tena, akawaita wapishi wake waje watazame.

Shida iliyofuata ilikuwa nafasi. SSD ya bei ya wastani ilikuwa na gigabaiti 120, na mteja ana diski ya gigabaiti 500 iliyojaa picha za harusi, mawaidha na filamu. Jibu letu lilikuwa kufunga zote mbili. SSD tuliiweka mahali pa diski kuu, ikabeba Windows na programu. Sehemu ya kuchezeshea DVD, ambayo ilikuwa haitumiki tena, tuliichomoa, tukaingiza fremu ya chuma iliyobeba diski ya zamani. Fremu hizo ni za unene wa milimita 12.7 au 9.5, na usipopima kabla ya kuagiza utakaa nayo mezani. Kuna sababu ya SSD kukaa mahali pakuu na si kwenye fremu: katika baadhi ya mashine njia ya DVD ni ya polepole kuliko ya diski, na hapo unaibana SSD bure. Jambo jingine ni kwamba SSD nyingi za inchi 2.5 zina unene wa milimita 7, na chumba cha diski mara nyingi ni cha 9.5, kwa hiyo lazima iwekewe ukingo wa plastiki, la sivyo hucheza na meno yakaachia barabarani.

Mwaka 2013 serikali za kaunti zilianza kazi, ofisi zikaja mjini Kilifi, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani kikapata hati yake. Nikaweka meza ya pili Kilifi, na wateja wangu wakawa wanafunzi. Hao ndio walionifanya niache kufunga diski mbili kwa watu wa safari. Mwanafunzi hufunika laptopu bila kuizima, akaitia mkobani, akaparamia bodaboda hadi stendi, kisha matatu hadi Mombasa, na sahani huenda bado inazunguka humo ndani. SSD haijali mashimo ya barabara. Kwa hiyo diski ya zamani nikawa naitoa kabisa, naifunga kwenye kasha la USB, na kumwambia mwenyewe: hii ikae nyumbani, kwenye kabati pakavu, iwe ghala lako. Mpangilio huo ndio ninaoushikilia hadi leo. Una faida moja kubwa kuliko kasi: mwizi akichukua mkoba, hakuchukua kila kitu.

Mzee mmoja wa Ngomeni ndiye ninayemtolea mfano ninapofundisha vijana. Ngomeni ni pale ambapo Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco baharini, kuanzia 1967. Setilaiti ya Uhuru, ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ndipo ikapewa jina hilo. Mzee ujanani alikuwa kwenye vyombo vya kuvusha watu na mizigo kwenda jukwaani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mashine hii imekuwa nzito, hata kuisubiri nimechoka. Nimeambiwa unatia kitu kipya ikakimbia."

"Inawezekana, mzee. Kwanza nambie, ndani mna nini?"

"Mna ujana wangu," akasema, "na shamba."

Mjukuu wake alikuwa amezipiga skani picha zake zote za kazi, pamoja na karatasi za shamba la familia. Nyingi za picha zenyewe zilikuwa zimeliwa na unyevu tangu hapo, kwa hiyo nakala iliyobaki ilikuwa moja tu, ndani ya ile diski. Anayeijua pwani hii anajua karatasi ya shamba ni kitu gani kwa familia. Niliipima diski, ikatoa alama ya njano: sehemu zilizokufa zilikuwa zimeanza kuongezeka. Diski ya namna hiyo hupaswi kuiwasha kwa Windows wala kuifanyia ukaguzi mrefu, kwa kuwa kila usomaji wa bure unaimaliza. Niliichomoa, nikaiunganisha na mashine ya Linux, nikaanza kuinakili yote kwa ddrescue, programu ya bure ambayo huchukua kwanza sehemu nzima, ikaziruka zile mbovu, kisha ikazirudia polepole mwishoni.

Usiku stima ikakatika. Kijana niliyekuwa naye akashika kichwa. Nikamtuliza: ddrescue huandika kwenye faili la pembeni mahali ilipofika, na stima ikirudi unatoa amri ile ile, inaendelea pale pale. Ndivyo ilivyokuwa. Picha chache zilipatikana na mistari ya kijivu. Nyingine zote zilitoka salama, na karatasi za shamba hazikukosa hata ukurasa. Ndipo nikafunga SSD. Mzee alipokuja hakuuliza habari ya kasi. Alikaa kwenye benchi akafungua picha moja moja, akawataja kwa majina watu waliosimama kwenye sitaha, wengi wao marehemu.

Habari zilizo kwenye diski ni amana. Kuna mume aliyewahi kunijia na laptopu ya mkewe akitaka nimfungulie ya ndani. Nilimrudishia ikiwa imefungwa vile vile. Vijana wangu nawakataza kufungua picha ya mteja zaidi ya moja mbili za kuhakikisha nakala imekubali, tena mwenyewe akiwepo.

SSD ninaisifu, lakini nawaambia wateja na ubaya wake. Diski ya sahani ikitaka kufa mara nyingi hulia, hugonga, huchelewa. Unapata nafasi ya kuokoa. SSD huweza kufa kimya: jioni iko nzima, asubuhi mashine haiioni. Faili ulilolifuta kwenye sahani mara nyingi tunalirudisha, ilhali kwenye SSD mashine yenyewe huamuru vyumba visafishwe, na hapo hakuna fundi. SSD iliyochakaa, ikiachwa miezi mingi bila umeme kwenye joto, huweza kupoteza chaji na habari zikaenda nayo; wenye nyumba za wageni wanaofunga msimu wa mvua nawasihi waziwashe mara kwa mara. Halafu kuna bidhaa za uongo: SSD ya nje yenye maandishi ya terabaiti 2 kwa bei ya kilo chache za nyama, na ndani mna kadi ndogo inayoandika juu ya ilichokwisha andika. Nikishuku huijaza yote kwa programu ya H2testw kabla ya kumkabidhi mtu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi za mitumba haziruhusiwi kwenda Windows 11. Watu wanaambiwa wazitupe. Mimi sikubali. Laptopu ya mwaka 2012 yenye SSD na Linux Mint inaandika barua, inafungua eCitizen na kumsomesha mtoto bila tabu.

Kama unayo mashine ya namna hiyo, fanya hivi wiki hii. Nunua diski ya nje kwa muuzaji unayemwamini, nakili picha, vyeti na hati zako, kisha ujaribu kuzifungua kwenye kompyuta nyingine. Baada ya hapo ndipo umwendee fundi kwa habari ya SSD. Akimaliza, mdai diski yako ya zamani akupe mkononi, usimwachie.