KIGOGOTA ANATAKA SUBIRA

Ndugu msomaji, je, umepata kufika Amani? Ukitoka Muheza, mkoani Tanga, safari ni ya kilomita zaidi ya 30. Kwanza unapita kwenye michungwa. Halafu unafika Zigi, penye lango la hifadhi. Kutoka hapo barabara inapanda milima ya Usambara Mashariki kwa kona nyingi. Huko juu kuna mashamba ya chai, na wakulima wa iliki, mdalasini na karafuu. Wajerumani walianzisha bustani ya miti hapa mwaka 1902. Mwaka 1997 msitu ulifanywa hifadhi. Maji ya Mto Zigi hushuka kutoka milima hii hadi mji wa Tanga.

Watu wengi huja Amani kupiga picha za ndege. Ndege mmoja huwasumbua sana. Huyo ni kigogota.

Kigogota mmoja wa huku ana mgongo wa rangi ya majani mabichi. Dume ana utosi mwekundu. Jike ana wekundu kisogoni tu. Vidole vyake viwili hutazama mbele na viwili nyuma. Mkia wake ni mgumu, naye huuegemeza kwenye mti kama mtu aegemeavyo fimbo. Hugonga mti kwa mdomo, kisha huvuta wadudu kwa ulimi wake mrefu. Hula sisimizi na mabuu wanaotoboa miti.

Kigogota ni mwoga. Akikuona, huzunguka nyuma ya mti. Ukimfuata, naye huzunguka tena. Basi, fanya hivi:

1. Omba ruhusa kwanza katika ofisi ya hifadhi.

2. Nenda alfajiri. Usivae nguo nyeupe wala nyekundu.

3. Simama usikilize. Ukisikia ko-ko-ko, tafuta mti mkavu. Tazama chini. Vipande vipya vya mti vikiwa vimeanguka, huenda anachimba tundu la kutagia.

4. Kaa mbali, hatua 30 hivi, jua likiwa mgongoni mwako. Usimzunguke. Ngoja. Akiona kimya, atarudi upande wako mwenyewe.

5. Akiacha kugonga na kukukodolea macho, usisogee hata hatua moja.

6. Akileta chakula lakini haingii tunduni, ujue umekaribia mno. Rudi nyuma upesi. Makinda yana njaa. Picha haina thamani kuliko makinda hayo.

7. Usikate matawi ili uone vizuri. Matawi hayo huficha tundu, adui asilione.

Ndugu mkulima, sasa tuseme juu ya mti mkavu. Wewe unaona kuni. Kigogota anaona nyumba na ghala. Mti uliokufa ni laini, hivyo anaweza kuutoboa. Ndani yake mna wadudu. Tena akihama, ndege wengine huingia katika tundu lake, kwa maana wao hawana mdomo wa kuchimba. Ukiukata mti huo, unavunja nyumba za wengi kwa siku moja. Kuni zake zitapika ugali wa siku chache tu.

Kama uko mti mkavu pembeni mwa shamba lako, nao hauwezi kuangukia nyumba wala njia, uache usimame. Waonyeshe watoto wako. Waambie wakae kimya, wangoje. Haraka haraka haina baraka.