Kalamu ya Mfupa kutoka Gakindu



Mwezi wa Shaabani uliopita tulifunga safari kutoka Mombasa hadi Gakindu, huko Mukurweini katika kaunti ya Nyeri, alikoolewa binti yetu. Mjukuu wetu wa miaka 9 alikuwa amehitimisha juzuu ya Amma kwa kusomeshwa na mama yake, nasi tuliitwa tumsikilize. Tuliambiwa huko kwamba Gakindu, kwa Kikikuyu, ni mkindu mdogo. Tukafurahi, kwani ndio mti ule ule ambao mama zetu hutoa ukindu wa kusukia mikeka. Baridi tu ndiyo haikuwa ya kwetu.

Mkwe wetu amesilimu. Wazazi wake wamo katika dini yao, na ni watu wa heshima mno. Mtoto alipomaliza kusoma, babu yake wa huko aliinuka, akamkabidhi kalamu aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mwili wa kalamu ulikuwa mfupa wa muundi wa ng'ombe. Alikuwa ameuchemsha kwa maji ya sabuni hadi uloto na mafuta yote yakatoka, akauanika kivulini siku nyingi usije ukapasuka, akaukata kwa msumeno, akauchonga kwa tupa na kuusugua kwa msasa hata ukang'aa kama kauri. Ndani alitia mrija wa wino wa kalamu ya dukani. Ala yake ilikuwa ya ngozi, iliyotengenezwa kwa magome ya mwati, mti uliopandwa sana na wakulima wa huko tangu enzi za ukoloni kwa kazi hiyo, kama watu wa pwani walivyotumia magome ya mkoko.

Tukauliza, kwa mazoea yetu ya kuuliza: ng'ombe huyu alichinjwa na nani? Mzee akajibu kwa fahari kuwa hakuchinjwa. Alikufa akizaa. Maziwa yake ndiyo yaliyomlipia mkwe wetu karo, na mzee hakutaka aishe hivi hivi tu.

Papo hapo, mbele ya mtoto na wageni, tukasema kwamba mfupa wa kibudu ni najisi na kalamu ile haifai kuandikia Qur'ani. Mzee akaketi. Hakuna aliyesema neno mpaka chai ilipoletwa.

Usiku binti yetu alitujia. "Baba, hukumu sikupingi," alisema. "Lakini mzee huyu kila Ijumaa alikuwa akiniuliza mtoto amefika sura gani. Hakuna mwingine hapa aliyeniuliza."

Hatukulala vyema. Hukumu yenyewe twaijua tangu chuoni. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, mfupa wa mnyama aliyekufa pasipo kuchinjwa hautohariki. Imamu Abu Hanifa yeye ameuhesabu kuwa tohara, kwa kuwa mfupa hauna uhai wa kuondokewa nao. Ama ngozi, ikishadibaghiwa hutoharika, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Imepokewa katika Bukhari kwamba Bibi Sauda, mke wa Mtume (s.a.w.), alifiwa na kondoo, wakaidibaghi ngozi yake na kuitumia kwa kinywaji hadi ikachakaa. Basi ala ya mzee ilikuwa tohara na kalamu iliyomo haikuwa, na vyote viwili vimetoka kwa ng'ombe mmoja!

Asubuhi tulimfuata mzee barazani, tukamwomba radhi kwa namna tuliyosema. Kisha tukamsimulia kwamba Qur'ani, kabla ya kuwa msahafu, ilikuwa imeandikwa juu ya mapongoo ya mtende, mawe membamba, vipande vya ngozi na mifupa ya makombe ya mabega ya wanyama, na kwamba baada ya vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar alimwamuru Zaid bin Thabit aikusanye. Mzee alisikiliza kwa makini. Akauliza, "Kwa hiyo mfupa si kitu kibaya kwenu?" Tukamwambia hapana, ni suala la kuchinjwa. Akauliza tena kwa nini ngozi yake yafaa na mfupa wake haufai. Tulimweleza kadiri tulivyoweza. Hatudhani aliridhika, na wanavyuoni wenyewe wamelizungumza hilo kwa karne nyingi.

Tulimweleza pia kuwa kitu kikavu cha namna ile chaweza kutumiwa mahali pasipo majimaji, japo kwa karaha kwetu, ila kisitiwe mfukoni wakati wa Swala. (Mama zetu wenye vitana vya pembe za ndovu vya kale, hukumu ni hiyo hiyo.)

Mwezi wa Dhulhija mkwe wetu alichinja mbuzi wa Idi. Mzee alisimama karibu tangu Bismillahi, akachagua miundi miwili mwenyewe. Muundi wa mbuzi ni mwembamba kuliko wa ng'ombe, kwa hivyo kalamu ya pili imekaa vyema zaidi katika mkono wa mtoto. Ameshaandika nayo Alfatiha na sura tatu fupi, na karatasi hizo tumeletewa Mombasa. Ya kwanza anayo mzee. Kila asubuhi huandikia hesabu ya maziwa.