Pampu ya Zimamoto ya Columbia

Umewahi kuona nyumba ya nyasi ikiwaka moto? Kama umeona, wajua watu wanavyokimbia na ndoo, na kisima kinavyokuwa mbali siku hiyo. Watu wa Columbia, mji mdogo wa California huko Marekani, waliyajua hayo vizuri.

Mwaka 1850 dhahabu ilionekana pale. Watu wakaja kwa maelfu, wakajenga haraka haraka kwa mbao na turubai. Mwaka 1854 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Wakajenga tena. Wengine walitumia matofali na milango ya chuma. Mwaka 1857 moto ukarudi, na hata baadhi ya nyumba za matofali ziliungua.

Ndipo waliposhughulikia maji. Walijenga matangi saba chini ya barabara. Kila tangi lilichukua lita 53,000 hivi. Mwaka 1859 wakanunua pampu ya zimamoto iitwayo Papeete. Hilo ni jina la mji wa Tahiti, kisiwa cha bahari ya Pasifiki. Inasemekana pampu ilikuwa ikipelekwa huko, ikaishia California. Haina injini. Watu waliivuta wenyewe hadi kwenye moto. Kisha walijipanga pande mbili, hawa wakisukuma mpini chini, wale wakiupokea juu, chini, juu, mpaka mikono ife ganzi. Mimi naiona kama kutwanga kinu kimoja watu wengi: akikosea mmoja, wote wanakwama.

Dhahabu ilipopungua, watu wakahama. Katika miaka ya 1870 na 1880 nyumba nyingi zilizoachwa zilibomolewa. Unajua kwa nini? Watu walitaka kuchimba dhahabu iliyokuwa chini yake! Mji wa watu maelfu ukabaki na watu kama 500.

Mwaka 1945 serikali ya California iliufanya mji huo kuwa hifadhi ya historia. Papeete imetunzwa katika kituo cha zimamoto. Wengine watasema chuma kikuukuu kingeuzwa tu. Mimi sikubali. Pampu ile ilinunuliwa na watu waliounguliwa mara mbili, nao waliisukuma kwa kujitolea. Kwa miaka mingi vikundi vya zimamoto vimekutana Columbia kushindana kwa pampu za mkono kama hiyo. Na mabomba ya maji yaliyolazwa wakati ule yalitumika mpaka mwaka 1950.