Land Cruiser ya gesi: ile video yangu ilikuwa nusu ukweli

Wasee, hii nimeamua kuiandika. Video inapita haraka, na kwa hii stori haraka ndiyo iliniponza.

Mnakumbuka ile ya Desemba 2023, nimekalia boneti ya Land Cruiser ya Anko nikisema "petroli tulishazika"? Ndiyo iliniletea wafuasi wengi kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka. Vitu vingi nilivyosema mle vilikuwa kweli. Shida ni vile sikusema.

Gari kwanza. Ni Land Cruiser 80 ya petroli, silinda sita, injini ya lita 4.5. Anko huitumia kupeleka watu kempu Magadi na Naivasha, na hiyo kazi ndiyo inalipa karo ya binamu zangu wawili. Nilipoacha chuo, yeye ndiye alinipa ufunguo nikawa dereva wake, bila kuniuliza maswali. Lakini hiyo gari inakunywa. Hapa mjini ilikuwa inatupa kilomita 5 kwa lita, siku njema. Oktoba 2023 EPRA ikatangaza petroli Nairobi ni shilingi 217.36. Anko akaanza kuongea mambo ya kuiuza. Mimi nikaanza kutafuta fundi wa gesi.

Wazo lenyewe si la kijinga. Gesi ya gari ni LPG, ile ile ya jikoni, mchanganyiko wa propani na butani. Inakaa kwa tanki ikiwa maji maji, inapita kwa kifaa kinachoipunguza presha huku kikipashwa moto na maji ya injini, inageuka mvuke, kisha inaingia kwa injini. Petroli haitolewi. Unawasha gari na petroli, injini ikipata moto inahamia gesi, na gesi ikiisha katikati ya Magadi unabonyeza swichi unarudi petroli. Ya dizeli sahau, haina plagi za kuiwasha gesi.

Sasa hesabu, ambayo kwa video niliikimbia. Lita ya gesi ina nguvu kidogo kuliko lita ya petroli. Kazi ya lita 1 ya petroli inataka kama lita 1.25 za gesi. Tuseme petroli ni 180 na gesi ni 120. Mtu atakuambia unaokoa 60. Zii. 120 mara 1.25 ni 150, kwa hivyo unaokoa 30. Kama kuweka mitambo kulikula 120,000, lazima ukwepe lita 4,000 za petroli ndio pesa yako irudi. Kwa gari ya kilomita 5 kwa lita, hizo ni kilomita 20,000. Anko anazimaliza, gari yake ni ya kazi. Wewe wa kwenda kanisani na supamaketi utangoja miaka. Na bei ya gesi ikifika asilimia 80 ya petroli, huokoi hata ndururu. Kumbuka kila tarehe 14 EPRA hutangaza bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi haimo. Bei yake anapanga muuzaji.

Kwa video mimi nilisema "nusu bei", nikacheka, nikakata.

Halafu kuna fundi. Karakana ya kwanza tulienda walitaka wapime injini kwanza, na bei yao ikamkausha Anko mdomo. Ya pili wakasema karibu nusu ya hiyo, siku moja tu, jioni unaendesha. Mnajua tulienda wapi. Wakaweka tanki refu ndani ya buti, nyuma ya kiti cha abiria. Kabla tutoke, fundi akanionyesha vile mtu anaweza kupindua mtungi wa jikoni juu chini na kujaza tanki kwa mpira, akiwa mbali na stesheni ya gesi. Nikairekodi. Hiyo ndiyo sehemu mlipenda zaidi.

Wiki chache baadaye harufu ikaanza. Kidogo tu, asubuhi, upande wa nyuma. Nilifungua dirisha nikaendelea na kazi.

Usiku wa 1 Februari 2024 lori la gesi likalipuka Embakasi. Mathe akanipigia kabla ya jua kutoka.

"Hiyo gari ya Anko imelala wapi?"

"Parkingi ya chini, hapa kwa ploti."

"Na juu yenu kunalala watu wangapi?"

Sikuwa na jibu. Ploti yetu ina gorofa sita.

Nilifunga vali ya tanki, tukaisukuma nje mimi na soja wa geti bila kuwasha injini, halafu nikairudisha kwa ile karakana ya kwanza na petroli. Fundi mzee akachukua maji ya sabuni na brashi, akapaka kila mahali paipu imeungwa. Palipovuja, povu likajaa. Viungo viwili. Kisha akanionyesha mengine: boksi la vali halikuwa na mpira wa kutoa gesi nje ya gari, kwa hivyo kila kilichovuja kilibaki ndani na sisi. Paipu ilikuwa imefungwa karibu na ekzosi. Tanki lilishikwa na bolti mbili badala ya nne. Na ile vali inayofaa kukataa gesi tanki likifika asilimia 80, ili ibaki nafasi ya gesi kupanuka kukiwa na joto, haikuwa inafanya kazi.

"Gesi ni nzito kuliko hewa," akaniambia. "Haipandi juu ikaenda zake. Inashuka chini, inakaa, inangoja cheche. Kijana, hapa nyuma huketi nani?"

Binamu zangu ndio huketi hapo.

Kurekebisha kulikula pesa zaidi ya ile tuliyokwepa mwanzo. Lakini hiyo siyo sababu naandika.

Jioni hiyo nikafungua meseji zangu. Katikati ya "uko moto" na "bro unajua magari", kulikuwa na ya dereva mmoja. Alifanya kama nilivyoonyesha, na mtungi na mpira. Aliandika kwamba ndani kunanuka, akauliza kama ni kawaida mwanzoni. Akamalizia kwamba huwa anabeba watoto wa shule. Hiyo meseji ilikuwa imekaa siku 11. Nilikuwa nasoma sifa peke yake.

Nilimpigia mkono ukitetemeka. Alishika. Nikamwambia afunge vali ya tanki, afungue milango yote, asiwashe kitu. Alikuwa sawa, na watoto walikuwa wamefunga shule wiki hiyo. Sikufanya chochote kuwaokoa. Ilikuwa bahati tu.

Ile video nimeifuta, na najua imeshasambaa kwingine. Kwa hivyo ukiiona, mtumie mwenye nayo hii. Usijaze gari na mtungi wa jikoni. Usikubali tanki ndani ya gari bila mpira wa kutoa gesi nje. Mwambie fundi apake sabuni ukiwa umesimama hapo, kabla ulipe. Ukinusa gesi, hiyo si kawaida, hata siku ya kwanza.

Land Cruiser ya Anko bado iko barabarani, bado inatumia gesi, na bado inaokoa pesa. Sijageuka adui wa gesi. Ila kama unaweza kumudu ile kazi ya bei nusu tu, baki na petroli kwanza. Na kama ulifanya kwa sababu yangu na kuna kitu kinanuka, niandikie leo. Saa hii nasoma zote.