Fimbo Mpya na Upepo wa St Andrews

Mwezi huu tungependa kuwachukua hadi St Andrews, mji mdogo ulio katika mwambao wa mashariki wa Uskoti. Mji huu una chuo kikuu kilichoasisiwa mwaka 1413, magofu ya kanisa kuu la kale, na ufuo mrefu wa mchanga unaopigwa na upepo mchana kutwa. Sisi tulitoka Glasgow asubuhi ya Jumamosi, watu wanne katika gari moja, na sababu ya safari yetu ilikuwa fimbo ya gofu.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu, mwenye umri wa miaka 17, ameushika mchezo huo kwa bidii kama wenziwe walivyoishika kandanda. Fimbo aliyoitamani inauzwa kwa zaidi ya pauni 300. Akiba yake ilitosha nusu ya bei. Baba yake alikuwa radhi kuijaza nusu ya pili kwa kuzuia fedha anazompelekea mama yake mzazi huko Tanga kila mwezi; mama wa kijana akapinga, na nyumba ikakosa utulivu. Tulipotakiwa ushauri, tulisema kwamba tangazo la biashara si kadhi. Duka likakubali kuiazima fimbo kwa siku mbili, nasi tukaenda kuipima pale mchezo wenyewe ulipolelewa, pamoja na mzee mmoja aliyecheza gofu tangu ujana wake Nairobi.

Inafaa tueleze ni fimbo gani. Mchezaji haruhusiwi kuchukua zaidi ya fimbo 14 uwanjani. Baadhi yake huitwa "chuma", na nyingine huitwa "mti" mpaka leo, ijapokuwa hazina tena hata kibanzi cha mti. Zamani vichwa vyake vilichongwa kwa mti kweli kweli, na katika karne ya 20 uliopendwa sana ni mpersimoni wa Marekani, jamaa wa abunusi. Mwaka 1979 Mmarekani Gary Adams alianzisha kampuni ya TaylorMade na kuuza "mti" wa chuma. Haikupita miaka mingi, ile ya asili ikawa pambo la kabatini. Mti namba 1 hupiga mpira uliopandishwa juu ya kijiti. Namba 3, ambayo uso wake umeinama kwa nyuzi 15 hivi, na namba 5, yenye nyuzi 18 hivi, hutumika zaidi kuupeleka mbali mpira uliolala katika majani mafupi. Hapo ndipo penye ugumu, kwani mpira haukuinuliwa na kitu: hutegemea mwinamo wa uso, uzito uliowekwa chini ya kichwa, na kasi ya mkono wa mpigaji.

Ardhi ya St Andrews nayo ina habari yake. Ni mchanga wa pwani usiofaa kilimo, uliovikwa nyasi fupi, ngumu. Mwaka 1457 Bunge la Uskoti, katika enzi ya Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku gofu na kandanda kwa sababu vijana waliacha kujizoeza upinde. Marufuku hayakufaulu. Mwaka 1764 wachezaji wa mji huu walipunguza mashimo ya Uwanja Mkongwe kutoka 22 hadi 18, na hesabu hiyo ikaja kufuatwa duniani kote. Jambo lililotupendeza zaidi ni kwamba viwanja hivi ni vya umma, na husimamiwa na amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974. Sisi tuliokuwa tukiutazama mchezo huu kupitia uzio wa Gymkhana tuliingia hapa bila kuulizwa sisi ni wana wa nani.

Kijana alianza katika uwanja wa mazoezi. Alipiga mipira kumi kwa fimbo mpya, iliyokuwa namba 3, na kumi kwa namba 5 ya mzee, iliyotengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Tulikataa kuhesabu mpira bora peke yake. Kila mmoja uliandikwa daftarini. Juu ya zulia la plastiki fimbo mpya ilishinda: mpira ulikwenda mbali zaidi, na mlio wake ulikuwa mtamu. Baba akaanza kutabasamu.

"Ngoja kwanza, bwana," mzee akamwambia. "Zulia ni shahidi wa uongo."

Akatueleza kwamba fimbo ikigonga nyuma ya mpira juu ya zulia, huteleza na kuufikia mpira hata hivyo. Juu ya ardhi huchimba, na safari ya mpira huishia hapo hapo. Basi tukahamia Balgove, uwanja mdogo wa mashimo tisa uliokusudiwa watoto na wanaojifunza. Upepo wa bahari ulikuwa usoni. Kati ya mapigo manane ya fimbo mpya, mawili yalikuwa ya kupigiwa makofi, matano yalitambaa chini chini, na moja likapotelea vichakani. Namba 5 ilipungukiwa na hatua kama 15, lakini mapigo yake saba yalibaki njiani. Tukaigeuza shingo ya fimbo mpya, maana nyingi za siku hizi hulegezwa kwa bisibisi ili kuongeza mwinamo kidogo. Nafuu ikaonekana, lakini haikutosha. Fimbo haikuwa mbovu. Kichwa chake kikubwa na uso wake mrefu vilidai mkono wenye kasi kuliko wa kijana wetu.

Tukalala mjini. Jumapili Uwanja Mkongwe hufungwa kwa wachezaji, isipokuwa siku za mashindano makubwa, na kila mtu hutembea humo na watoto wake. Tulisimama juu ya daraja dogo la mawe liitwalo Swilcan.

"Babu," kijana akamwuliza mzee, "wale wa zamani walifikaje mbali kwa fimbo za mti na mipira ya ngozi iliyojazwa manyoya?"

"Waliijua ardhi yao, mjukuu wangu, na waliujua mkono wao."

Kijana akanyamaza mpaka tulipofika garini. Ndipo akamwambia baba yake kwamba angenunua namba 5 iliyokwisha kutumika, kwa akiba yake mwenyewe, na namba 3 ingesubiri mkono ukomae.

Kwa wazazi wenye vijana wa namba hii, nasaha yetu ni fupi: azimeni kabla ya kununua, pimeni juu ya nyasi, na andikeni mapigo yote, mazuri na mabaya. Ile fimbo ilirudishwa dukani Jumatatu. Fedha za Tanga zilitumwa siku hiyo hiyo, kamili.