Boti Uani, Al Amerat
Al Amerat haina bahari; imezungukwa na milima. Hata hivyo, boti mpya ya shemeji yangu ilikuwa uani, ikisubiri jina kabla ya kupelekwa Quriyat. Mwenyewe alitaka Sultana, kama merikebu ya Sayyid Said iliyofika New York mwaka 1840. Watoto walitaka jina la Kiingereza. Bibi alinyamaza, kisha akasema: “Jahazi lililotutoa Unguja mwaka 1964 silijui jina. Nilikuwa mdogo, na wakubwa hawakupenda kulizungumza. Hii iiteni Unguja, wajukuu wapate kuuliza.” Hakuna aliyebisha. Ijumaa shemeji akaliandika kwa rangi ya buluu. Hata haijakauka, mdogo wao akauliza: “Bibi, Unguja ni wapi?” Bibi akaomba kiti.